UZI: Paris–Brest–Paris 1891, siku tatu juu ya baiskeli, na sifa za ushindi zikachukuliwa na tairi

Mzee wa Spoku (mleta uzi)

Wakuu, kwenye ule uzi wa Tour de France kuna mtu ameandika kwa kujiamini kabisa kwamba mbio ndefu za baiskeli za barabarani zilianza na Tour, mwaka 1903. Sikutaka kuharibu uzi wa watu, nikaona nifungue wangu. Miaka 12 kabla ya Tour, Wafaransa walishapiga pedeli kutoka Paris hadi Brest, mji wa bandari mwisho kabisa wa magharibi ya nchi yao, wakageuza na kurudi Paris. Kilomita zipatazo 1,200. Hakuna kusema leo tumefika, tulale hotelini, kesho saa 3 tuanze tena. Saa ilianza kuhesabu mara moja na haikusimamishwa mpaka mtu arudi.

Mwenye wazo ni mwandishi wa habari, Pierre Giffard, wa gazeti la Le Petit Journal, gazeti la bei chee lililokuwa likiuza nakala karibu milioni moja kwa siku. Mwaka huohuo wa 1891, mwezi wa Mei, kulikuwa na mbio za Bordeaux–Paris, kilomita 570 na ushei. Wafaransa waliandaa, wakapika, wakapamba, halafu Waingereza wakaja kula: G. P. Mills akashinda kwa saa 26 na dakika 34, na waliomfuata nao Waingereza. Ile kitu iliwauma. Giffard akatangaza mbio zenye urefu mara mbili ya hizo, na sharti lake la kwanza: Wafaransa tu. Wanawake walioomba kushiriki nao walikataliwa.

Septemba 6, 1891, Jumapili, wanaume zaidi ya 200 wakaanza safari. Sio wote wenye baiskeli kama tunazozijua. Kulikuwa na baisikeli za magurudumu matatu, za watu wawili, hata lile dubwana lenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Ukianza na chombo kimoja unamaliza na hichohicho. Vyombo vilipigwa muhuri mapema ili mtu asije akabadilishiwa porini. Kila mmoja alikuwa na kijitabu cha kugongewa muhuri kila kituo. Njia ilipita Dreux, Mortagne, Alençon, Laval, Rennes, Saint-Brieuc, Guingamp, Morlaix, mpaka Brest. Magharibi ya Rennes usidhani ni tambarare, ni kilima baada ya kilima.

Waliomaliza hawakufika 100, na wengine walichukua karibu siku 10. Wa kwanza alichukua saa 71 na dakika 22. Jina lake Charles Terront. Naomba nipate chai, nikirudi nitawaeleza alivyomwibia ushindi mwenzake aliyekuwa amelala.

Bint Kisiwandui

Kitu kimekaa hiki. Nimeshavuta mkeka. Chai isizidi dakika tano lakini.

Kamanda Mbishi

Saa 71 kwa kilomita 1,200 ni kama kilomita 17 kwa saa. Hiyo ni kasi ya muuza mkaa. Mnawakuza sana wazungu.

Fundi Kahama

@Kamanda Mbishi muuza mkaa anakwenda kilomita 60 halafu anakaa chini ya mwembe. Huyu anayezungumzwa amekwenda kama Dar mpaka Mwanza na chenji inabaki, usiku taa ya mafuta, barabara haina lami. Na baiskeli za wakati ule hazikuwa na friwili. Pedeli zimefungwa na gurudumu. Gurudumu likizunguka mguu unazunguka, upende usipende. Kwenye mteremko wewe unapumzika, mwenzako anasagwa.

Mzee wa Spoku

Fundi kanipunguzia kazi. Na hiyo kilomita 17 imejumuisha kula, kugonga muhuri, kuziba pancha, kila kitu.

Sasa wahusika wakuu. Terront alikuwa na miaka 34, mtoto wa vitongoji vya Paris, mzoefu wa mbio tangu enzi za magurudumu makubwa. Mwaka 1879 alikwenda London kwenye mbio za siku sita, zile za kuzunguka ndani ya ukumbi mpaka kichwa kinauma. Kwa hiyo kukosa usingizi juu ya tandiko hakukuwa kugeni kwake. Mpinzani wake alikuwa Joseph Laval wa Bordeaux, ambaye kila mtu alimwita Jiel-Laval.

Nyuma ya wanaume hawa wawili kulikuwa na vita ya biashara. Jiel-Laval alipanda tairi za Dunlop. Terront alipanda baiskeli ya Humber ya Uingereza, lakini tairi ni Michelin, kampuni ya mpira ya Clermont-Ferrand ambayo kwenye tairi za upepo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Kumbukeni Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alipata hataza ya tairi yake ya upepo mwaka 1888 tu, aliyoitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mwaka 1891 wapo wengi waliokuwa bado wanaendesha mpira mgumu usio na upepo ndani.

Jiel-Laval alitangulia kufika Brest. Terront akafuata. Wakageuka. Mwili wa Jiel-Laval ukadai chake, na walipofika Guingamp akalala. Terront alikuwa na meneja wake, Mwingereza H. O. Duncan, mtu mjanja wa kazi hizi. Habari ikawafikia kwamba jamaa amelala. Terront akapita usiku kimyakimya. Wengine husimulia kwamba alizungushwa njia ya pembeni ili watu wa Jiel-Laval wasimwone. Mwenzake alipoamka, ushindi ulishaondoka.

Kutoka pale mpaka Paris ni zaidi ya kilomita 450. Terront hakulala tena. Alifika asubuhi ya Septemba 9, kumepambazuka tu, na maelfu ya watu walikuwa wamekesha wakimsubiri. Jiel-Laval alifika saa kama 8 baadaye.

Iten Juu

Asante ndugu. Hapa kwetu tunajua mambo ya mazoezi, kwa hivyo niseme kidogo. Mtu akikaa macho siku tatu, miguu siyo inayoisha kwanza. Kichwa ndicho kinaisha. Unaanza kuona vitu havipo, unasahau kula, unashuka kilima macho yamefumba. Na hiyo baiskeli isiyo na friwili inakutupa ukisinzia hata sekunde mbili. Mimi ningelala kama Jiel-Laval, na singeona haya.

Kamanda Mbishi

Subirini. Nimesoma mahali kwamba kila mshindani aliruhusiwa wasindikizaji mpaka 10. Yaani watu wenye nguvu mpya wanamtangulia kumkatia upepo, wakichoka wanaingia wengine. Huyo alibebwa! Na hiyo ya kupita mtu akiwa amelala mimi naiita uhuni.

Mzee wa Spoku

@Kamanda Mbishi wasindikizaji walikuwa halali na kila mwenye uwezo alikuwa nao, Jiel-Laval akiwemo. Ndivyo mbio za barabarani zilivyokuwa wakati ule. Tour ya 1903 iliwaondoa. Ukitaka kulalamika, lalamika kwa niaba ya yule karani wa kijijini aliyekuja na baiskeli yake na mkate mfukoni, hana msindikizaji wala meneja. Wa aina hiyo walikuwa wengi na baadhi yao walimaliza. Hao ndio mimi nawavulia kofia kuliko Terront.

Kuhusu uhuni: hivi kwenye mbio mtu akisimama kufunga kamba za viatu nawe unasimama?

Kamanda Mbishi

Kufunga kamba na kulala ni vitu viwili tofauti mkuu. Lakini haya, endelea.

Fundi Kahama

Mimi nataka kujua habari ya tairi. Umesema zilikuwa vita ya Dunlop na Michelin, tofauti yao nini?

Mzee wa Spoku

Swali zuri, na ndipo uzi wenyewe ulipo.

Tairi ya Dunlop ya kwanza ilikuwa imegandishwa kwenye ringi kwa gundi na kufungwa kwa kitambaa. Ikitoboka, kuifikia tyubu ni kazi ya nusu siku. Michelin wenyewe husimulia kwamba mwaka 1889 Mwingereza mmoja alifika kiwandani kwao na tairi ya Dunlop imetoboka. Kuibandua na kuiziba kulichukua kama saa tatu, na gundi ikaachwa ikauke usiku kucha. Asubuhi Édouard Michelin akaipanda kuijaribu; akaenda mita mia chache, pancha tena. Mtu wa kawaida angeitupa mtoni. Yeye alishuka na mambo mawili kichwani: kwamba kukalia upepo ni raha kuliko mpira mgumu, na kwamba anayetaka kuuza upepo lazima mteja aweze kuziba mwenyewe barabarani. Kufika 1891 walikuwa na hataza ya tairi inayofungwa kwenye ringi kwa vyuma na bolti ndogondogo. Unafungua, unatoa tyubu, unaziba, unafunga. Walijinadi kwamba ni kazi ya dakika 15.

Fundi Kahama

Dakika 15 kwa bolti? Labda na watu wa kampuni wamekusimamia.

Acha niwaeleze pancha inavyozibwa ili wenye magari waelewe. Unalaza baiskeli kichwa chini. Unaingiza mpini wa kijiko kati ya tairi na ringi, unaukandamiza, unaingiza wa pili kando yake, unavuta ukingo mpaka unatoka wote. Unatoa tyubu, unajaza upepo, unaipitisha kwenye beseni la maji kipande kwa kipande, huku jicho liko kwenye mapovu. Ukiyaona unaweka alama. Unakausha, unasugua na msasa mpaka mng'ao wa mpira uondoke, unapaka solusheni (gundi ya kiraka), na hapa ndipo vijana wanapokosea, wanabandika kiraka ikiwa bado mbichi. Subiri mpaka ukigusa kidole hakinati. Halafu bandika, gonga gonga. Kabla hujarudisha, pitisha mkono ndani ya tairi kuutafuta mwiba, maana ukiuacha umefanya kazi bure.

Hiyo kwa tairi ya leo, mchana, umekaa kwenye kigoda. Sasa fikiria usiku, mvua, vidole vimekufa ganzi, taa ya mafuta, na bolti juu yake.

Mzee wa Spoku

Fundi umemaliza. Na Terront alipata pancha njiani, kwa hiyo yalimkuta hayo.

Sasa baada ya mbio Michelin wakaingia mtaani na tarumbeta: tairi yetu imeshinda! Na watu wakaamini. Mwaka uliofuata wakaandaa mbio zao wenyewe, Paris mpaka Clermont-Ferrand, na ili kuonyesha jinsi tairi yao inavyozibika upesi, wakamwaga misumari barabarani. Ndiyo, mwenye mbio ndiye aliyemwaga misumari. Ukitaka kujua tangazo la biashara lilianza lini kuwa kichaa, anzia hapo.

Mimi lakini nakataa kwamba tairi ndiyo iliyoshinda 1891. Tazameni wenyewe: nani alifika Brest wa kwanza? Mwenye Dunlop. Baada ya kilomita 600 za njia mbovu, ile tairi iliyodaiwa kuwa duni ndiyo ilikuwa mbele. Kilichogeuza mbio ni kitanda cha Guingamp. Walichofanya Michelin ni kununua kitanda kile na kukiuza kama mpira. Ushindi wa saa 8 unaonekana mkubwa kwenye tangazo, lakini mwanaume aliyelala halafu akaamka na kuambiwa mwenzako kapita, miguu yake haifanyi kazi tena kama mwanzo. Zile saa zimezaliwa kwa usingizi na kukata tamaa kuliko kwa bolti.

Iten Juu

Nakubaliana nusu. Kama Terront angekuwa na tairi ya gundi na apate pancha hizo, angekuwa nyuma kiasi gani kabla ya Guingamp? Huenda hata hangejua mwenzake amelala. Tairi ilimweka karibu, kukesha ndiko kukampitisha.

Mzee wa Spoku

Hapo umenibana kidogo. Nakupa hiyo: tairi ilimweka karibu. Lakini tangazo halikusema "ilimweka karibu".

Kinga Bukavu

Ndugu zangu, jambo wote. Mimi ni wa Bukavu na nimesoma uzi huu mpaka hapa nikitegemea mtu aulize, hakuna aliyeuliza. Mpira wa hizo tairi ulitoka wapi?

Terront amefika Paris tarehe 9 Septemba 1891. Tarehe 21 ya mwezi uleule, siku 12 baadaye, mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo wakati ule, alitoa amri kwa maofisa wake wa Aruwimi-Uele na Ubangi huku kwetu: pembe za ndovu na mpira wa misitu ile viwe mali ya serikali yake. Amri ile haikutangazwa hadharani. Ndiyo mlango wa yote yaliyofuata kwetu. Watu walipelekwa msituni kukata mitambaazi ya mpira, wake zao wakishikwa mateka mpaka kikapu kijae. Askari walitakiwa kuonyesha mikono iliyokatwa kama hesabu ya risasi walizotumia. Mwaka 1901 mpira uliotoka Kongo ulikuwa kama tani 6,000, na miaka 10 kabla yake haukufika hata tani mia mbili.

Huku kwetu tunaendesha kinga, yaani baiskeli, kila siku, tunabebea ndizi na makaa. Sichukii baiskeli. Lakini hadithi ya Dunlop na Michelin mnavyoipiga hapa, ni kama mpira ulianguka Clermont-Ferrand kutoka mbinguni.

Bint Kisiwandui

Uzi umebadilika rangi. Ahsante kaka.

Kamanda Mbishi

@Kinga Bukavu nakuheshimu kaka, ila 1891 mpira mwingi ulikuwa unatoka Brazil, Amazon. Usimpe Terront kesi isiyo yake.

Kinga Bukavu

Kweli, mwaka ule mwingi ulikuwa wa Amazon, na Terront simtaji kwa ubaya. Nasema kuhusu kiu. Mbio kama ile zilionyesha Ulaya nzima kwamba tairi ya upepo inaweza kwenda Brest na kurudi, kilomita 1,200. Baada ya hapo kila mtu aliitaka. Kiwanda kikitaka, mnunuzi anapandisha bei, na bei ikipanda, mtu mwenye msitu na bunduki anajua la kufanya. Mbio za pili za Paris–Brest zilifanyika 1901, mwaka uleule wa tani 6,000. Weka tarehe hizo mbilimbili, utaona mwenyewe.

Mzee wa Spoku

@Kinga Bukavu umeongeza nyama ambayo mimi sikuwa nayo kwenye sufuria. Nimekwenda kulinganisha tarehe, ziko hivyohivyo. Msianze kumjibu kwa ubishi wa kijiweni tafadhali.

Nimalizie upande wa Giffard, kwa sababu yaliyompata ni mchezo wa kuigiza. Alihamia gazeti la michezo la Le Vélo, lililochapwa kwenye karatasi ya kijani. Ikaja kesi ya Dreyfus, ofisa wa jeshi Myahudi aliyesingiziwa usaliti, iliyoigawa Ufaransa vipande viwili. Giffard akasimama upande wa Dreyfus. Wenye viwanda waliokuwa wakimpa matangazo walikuwa upande wa pili, hasa Count de Dion, mtengeneza magari, aliyefungwa siku 15 baada ya vurugu za kesi hiyo kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Auteuil mwaka 1899. Wakaondoa matangazo yao wakaanzisha gazeti lao mwaka 1900, L'Auto-Vélo, la karatasi ya njano, mhariri Henri Desgrange. Miongoni mwa walioweka pesa? Michelin. Wale waliopata jina kwenye mbio za Giffard.

Mahakama ikawalazimisha waondoe neno Vélo, likabaki L'Auto. Wakahitaji kitu kikubwa cha kuliua gazeti la Giffard, wakaanzisha Tour de France. Aliyeshinda Tour ya kwanza ni Maurice Garin, aliyekuwa ameshashinda Paris–Brest–Paris ya 1901 kwa saa 52 na dakika 11. Le Vélo likafa 1904. Giffard, nisiwafiche, baadaye akaenda kuandika kwenye L'Auto. Njaa haina chama.

Bint Kisiwandui

Na ile keki inaitwa Paris-Brest ndiyo hiyohiyo? Niliiona kwenye mgahawa nikadhani jina la treni.

Mzee wa Spoku

Ndiyohiyo. Louis Durand, muoka keki wa Maisons-Laffitte, aliibuni 1910 kwa ajili ya mbio. Imefanywa duara kama gurudumu, katikati krimu ya njugu. Giffard ndiye aliyemwomba.

Iten Juu

Mbio zenyewe bado ziko ama zilikufa?

Mzee wa Spoku

Za washindani wa kulipwa mwanzoni zilikuwa kila miaka 10, hazikudumu. Mara ya mwisho ilikuwa 1951, Maurice Diot, chini ya saa 39. Lakini jina halikufa. Audax Club Parisien wanaandaa safari hiyohiyo kila miaka minne, ya watu wa kawaida, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, muda wa juu ni saa 90. Mwaka 2023 walianza watu zaidi ya 6,000 kutoka dunia nzima, wanawake kwa wanaume, kutoka Rambouillet. Unatakiwa kwanza umalize safari za kujipima za kilomita 200, 300, 400 na 600 ndani ya mwaka huohuo. Inayofuata ni 2027.

Iten Juu

Saa 90! Hiyo inaruhusu kulala.

Mzee wa Spoku

Inaruhusu. Na njia bado inapita Brittany, mkoa wa Guingamp na Brest. Ila ukilala mle usiwaambie wenzako ni kijiji gani.

Fundi Kahama

Na ubebe solusheni yako. Vijana wa siku hizi wanatembea na tyubu mpya mbili, ya tatu ikitoboka wanapiga simu.